Jicho la Kushoto la Ngina

Mtoto wangu alipata mume kabla hajajua kutembea. Mume mwenyewe alikuwa mzee Njau, baba mkwe wangu, na kijijini kwake Theta hakuna aliyeona ajabu. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na marehemu mke wa mzee aliitwa Ngina. Tulimzika miezi mitano kabla sijajifungua. Binti yangu alipozaliwa, mzee alikuja hospitalini Ruiru akiwa amevaa koti lake la kanisa, akasimama mlangoni mwa wodi na kumwambia muuguzi, "Nimekuja kumwona mke wangu. Nimesikia amefika salama."

Wauguzi walicheka mpaka mmoja akaketi. Mimi nilijifunika shuka hadi puani. Sijawahi kujua la kufanya watu wakicheka karibu nami.

Siku hizo mzee alikuwa hajaniita kwa jina hata mara moja. Mimi ni Mkamba, nilikulia Kalimoni, ambako baba yangu Mutinda alikuwa kibarua wa shamba la kahawa. Niliacha shule darasa la sita. Bedan, mume wangu, aliponipeleka kwao mara ya kwanza, mzee hakunitukana wala hakunifukuza. Alinipa chai, kisha akazungumza na Bedan kwa Kikuyu mpaka tulipoondoka. Baada ya harusi aliniita "msichana wa Mutinda". Nilikuwa nikienda Theta ninaosha vyombo, ninapika, ninarudi kwetu Kimbo bila kusema maneno kumi.

Ngina alipokuwa na miaka miwili na nusu, jicho lake la kushoto lilianza kuingia ndani, kuelekea puani. Mwanzoni lilikuwa likifanya hivyo akiwa amechoka, kisha ikawa kila wakati. Aliyeliona kwanza ni mzee. Tulikuwa sebuleni kwake Jumapili moja. Aliweka kikombe chini polepole, akamshika mtoto kidevu, akamgeuza kuelekea dirishani.

"Bedan," akaita. "Bedan, njoo haraka! Hebu ona vile ananiangalia."

Ukutani palikuwa na picha kubwa ya marehemu, iliyotolewa kwenye kitambulisho. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeingia ndani vilevile. Mzee alimwinua mtoto hadi karibu na picha, akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akalia mbele yetu sote bila kujificha.

"Nilijua atarudi," akasema. "Lakini sikujua atarudi hivi kabisa."

Wiki hiyo akina mama wa kanisa walikuja kumwona Ngina. Walileta maziwa na ndizi, wakamzunguka, mmoja akamtania mzee: "Njau, umebahatika. Sisi wengine tukirudi tutarudi bila meno." Mzee alicheka kama kijana. Wageni walipoondoka alinikuta jikoni nimesimama, akavuta kiti cha mkewe, kile kifupi cha miguu mitatu ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia tangu mazishi.

"Kaa hapa, mwana wakwa," akaniambia. Maana yake ni mtoto wangu. Kuanzia siku hiyo hakuniita tena msichana wa Mutinda.

Sitasema sikufurahi. Nilifurahi sana. Nilimbeba Ngina mgongoni siku hiyo nikajisikia nimeolewa upya, na safari hii na watu wote wa boma.

Mwaka uliofuata nilimpeleka kliniki ya Kimbo kwa dawa ya minyoo. Muuguzi pale aliitwa Selpha. Alimpa dawa, kisha akatoa tochi ndogo akammulika macho, moja baada ya jingine. Akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Ngina akamsukuma mkono. Akaziba la kushoto. Ngina akatulia.

"Hili jicho limeanza lini?" akaniuliza.

"Kitambo kidogo."

"Mpeleke Thika kwa daktari wa macho. Usingoje, mama. Macho yakiangalia sehemu mbili, mtoto anaona vitu viwiliviwili, ubongo unachoka, unaamua kuzima jicho moja. Ukikaa nalo limezimwa miaka, haliwaki tena. Saa hii bado ni mdogo, wanaweza kumsaidia. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Alisema polepole na kwa Kiswahili chepesi, na akaniandikia barua. Siwezi kumwekea mtu mwingine lawama.

Jumapili nilienda Theta na barua ndani ya mkoba. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Alhamisi. Nilipoingia, mzee alikuwa na mgeni, mzee mwenzake aliyeitwa Ngigi, na Ngina alikimbia akapanda juu ya mapaja ya babu yake. "Niangalie na lile jicho letu," mzee akamwambia, na mtoto akamwangalia, na jicho likaingia ndani, na mzee Ngigi akashika kichwa akasema kweli Mungu yupo. Mzee alinigeukia. "Mwana wakwa, leta kiti chako ukae na sisi."

Nilikaa. Barua ilibaki mkobani. Kesho yake jioni Bedan alipooga kutoa vumbi la mawe, maana yeye hukata mawe kule Ndarugo, aliniuliza, "Walisema nini kliniki?"

"Wamesema ako sawa," nikajibu.

Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Halafu nikajiambia labda muuguzi amezidisha. Shosho Ngina, marehemu bibi yake, aliishi na jicho hilo hadi uzee, akashona masweta, akalea watoto watano. Nilijiambia hivyo kwa miaka mitano.

*

Ngina alipofika gredi ya tatu, Mwalimu Jackie aliniita shuleni. Watu wa macho walikuwa wamekuja kupima watoto wote, na sasa walikuwa wanataka Ngina aletwe kliniki yao Thika siku ya Ijumaa, pamoja na mzazi.

"Walimpima na ile miwani ya VR," mwalimu alisema. "Watoto wengine walimaliza kwa dakika mbili. Yeye walikaa naye sana."

"Amefanya vibaya?"

"Si mtihani, mama yake. Nenda tu."

Bedan hakuweza kuacha kazi Ijumaa hiyo, lakini mzee aliposikia alisema mke wake hawezi kwenda Thika mjini bila yeye. Alitupata mlangoni mwa kliniki, koti la kanisa limepigwa pasi. Ngina alimkimbilia babu yake.

"Guka, wataniwekea gemu kichwani!"

"Gemu? Na mimi nitacheza?"

"Wewe ni mzee sana."

"Mke wangu, unaniaibisha mbele ya watu," akasema, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi mikono yangu ilikuwa imeshikana yenyewe. Nilijua ni kitu gani tumekuja kuambiwa. Nilichokuwa sijui ni kama bado kuna muda. Nilikuwa nikiomba hivyo tu: Mungu, kuwe na muda kidogo umebaki.

Aliyempima alikuwa kijana aitwaye Kyalo. Aliona jina langu kwenye fomu, Mbinya, akanisalimu kwa Kikamba, nami nikashukuru kwa moyo. Alimkalisha Ngina kwenye kiti, akapangusa ile miwani kwa spiriti. Ilikuwa kubwa, nyeusi, kama boksi, na mkanda wa kuzunguka kichwa. Akaikaza taratibu asije akamvuta nywele.

"Zamani tulikuwa tunaziba jicho kwa mkono na kukisia," akatueleza. "Hii ina skrini mbili ndani, kila jicho na yake. Naweza kuonyesha jicho hili kitu kimoja na lile kitu kingine, na hakuna jicho linaweza kuibia lingine. Ina kamera pia, inapima jicho limegeuka kiasi gani. Mimi naona hapa."

Alishika tableti. Juu yake niliona macho mawili ya mtoto wangu, makubwa, peke yake bila uso. Moja lilikuwa katikati. Lingine lilikuwa limejificha pembeni.

Mzee alisogea kuona. "Ndilo hilo," akasema kwa fahari. "Ni la mke wangu huyu mdogo. Ni la shosho yake kabisa."

Kyalo alitabasamu kidogo. "Ngina, unaona nini?"

"Naona kuku."

"Vizuri. Na kifaranga?"

"Hakuna kifaranga."

"Kipo. Kazi yako ni kukisukuma mpaka kwa mama yake, na hicho kitufe uko nacho mkononi. Tafuta."

Ngina aligeuza kichwa huku na huku. "Hakuna. Labda kimechukuliwa na mwewe."

Mzee alicheka. Mimi nilikuwa nikiangalia uso wa Kyalo, na uso wa Kyalo haukucheka. Aligusa tableti. "Na sasa?"

"Umezima."

"Sijazima, mrembo."

"Umezima. Ni giza."

"Nimeondoa kuku tu. Kifaranga kipo palepale. Hebu nikikuze." Aligusa tena, akagusa tena. Pale kwenye tableti niliona kifaranga cha manjano kikikua hadi kikajaza nusu ya skrini, na mdomo wake, na jicho lake jeusi kama punje ya mtama.

"Naona kitu kama moshi," Ngina akasema.

"Moshi wa rangi gani?"

"Wa njano."

"Ni mnyama gani?"

Alisogeza kichwa mbele. Niliona anataka sana kupata. "Ni moshi tu," akasema. "Nimeshindwa?"

"Hujashindwa kitu. Umefanya poa sana."

Mzee hakuwa anacheka tena. "Kijana," akasema, "hiyo mashine yako imeharibika. Huyu mtoto anaona. Anasoma. Juzi amenitolea mwiba."

"Anaona kwa jicho la kulia, guka. La kulia ni zuri sana."

"Niwekee mimi."

Kyalo alimvua Ngina, akapangusa miwani tena, akamvalisha mzee. Mzee alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha.

"Naona kuku," akasema. "Naona na kifaranga. Wote wawili."

"Sasa nitakuwekea kama Ngina anavyoona na jicho la kushoto, kwa kukisia tu." Kyalo akagusa tableti.

Mzee aligeuza kichwa kama vile Ngina alivyogeuza, akinyoosha shingo. Mkono wake ukainuka ukatafuta hewani, ukarudi gotini.

"Hivi ndivyo?" akauliza.

"Karibu hivyo."

"Hili jicho. Akiniangalia na hili jicho, haya ndiyo anaona?"

"Ndiyo, guka."

Hakuvua ile miwani. Alikaa nayo, uso umefunikwa hadi puani, akaanza kuzungumza kana kwamba hatupo. "Alikuwa anamwaga chai," akasema. "Kila siku. Anaweka kikombe, anamimina, chai inaenda kando. Nilimtania miaka yote, nilimwita Mama Mafuriko. Watoto pia wakamwita hivyo. Alikuwa anacheka na sisi. Na kanisani, nikikaa kushoto kwake, anainuka, ananipita, anakaa upande ule mwingine. Nilifikiri ni maringo. Miaka arobaini na tatu nafikiri ni maringo." Akapumua. "Kumbe alikuwa anataka kuniona."

Ngina alimshika mkono. "Guka, toa sasa. Umekaa nayo sana."

Daktari aliitwa Kaveke, mama mfupi wa sauti ya chini. Alimpima Ngina tena kwa njia zake, akaandika, kisha akatuambia. Jicho lenyewe halina ugonjwa. Ubongo ndio umeacha kulitumia. Tutaziba jicho zuri kwa plasta kwa muda wa saa sita kila siku ili lile lingine lilazimike kufanya kazi, na baada ya miezi mitatu turudi kwenye miwani. Baadaye kuna upasuaji wa kulinyoosha, lakini kunyooka si kuona.

"Litarudi?" mzee akauliza.

"Ana miaka minane. Tutajaribu, mzee, sitaki kuwadanganya. Angekuja akiwa na miaka mitatu, minne, ningekuwa nazungumza tofauti." Aliangalia kijitabu cha kliniki cha Ngina. "Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia?"

"Nani angetuambia?" mzee akasema. "Tungekuja mbio, daktari. Hata usiku. Hakuna mtu—"

"Niliambiwa," nikasema.

Nilisema chini sana, na kwa muda nikafikiri hakuna aliyesikia. Kisha mzee akageuka.

"Nani?"

"Mimi, Baba. Kliniki ya Kimbo. Alikuwa na miaka mitatu. Waliniandikia barua ya kuja hapa Thika."

"Na Bedan?"

"Nilimwambia wamesema ako sawa."

Daktari aliweka kalamu chini. Ngina alikuwa ananiangalia pia, kichwa kimeinama upande kidogo, na sasa nilijua kwa nini huwa anakiinamisha hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akauliza. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Ulikuwa umefurahi."

"Ulidhani mimi ni mtu wa kuchagua jicho la mke wangu niache mtoto?"

Mzee alivua kofia yake, akaivaa tena. "Labda ningekataa," akasema. "Labda ningekuambia huyo muuguzi hajui kitu. Sijui. Hukunipa nafasi nijue mimi ni mtu wa aina gani."

*

Bedan nilimwambia siku hiyohiyo, kabla hajavua viatu. Aliniangalia tu. "Ulisema ako sawa," akasema, akarudia mara ya pili kama mtu anayejaribu kukumbuka sauti yangu ya siku ile. Kisha akamchukua Ngina akaketi naye nje kwenye ngazi, akamziba jicho la kulia kwa kiganja, akaweka vidole vyake mbele yake, vile vidole vyenye makovu ya mawe. "Ngapi?" Akasogeza karibu. "Ngapi, maitu?" Maana yake ni mama yangu; humwita hivyo kwa sababu ya jina la mama yake. Alisogeza mpaka vidole vikagusa pua yake.

Plasta tulianza siku iliyofuata. Saa sita kila siku, akitoka shuleni na wikendi yote. Wiki ya kwanza Ngina alilia na kuibandua. Aligonga meza, akagonga ndoo, akamwaga uji. Watoto wa ploti, majirani zetu, walimwita Maharamia, na yeye akawaambia maharamia hukata watu vichwa, wakakimbia. Nilicheka na nikaona haya kwamba nimecheka.

Mzee alikuja Kimbo kila Jumamosi. Hakuwahi kufanya hivyo zamani, sisi ndio tulikuwa tukienda kwake. Alileta maharagwe, mahindi na vifuniko vya chupa, akaviweka mezani, na Ngina akavitafuta na jicho lile, uso umeinama hadi karibu kugusa. Mzee hakumwita tena "mke wangu". Alimwita Ngina, au kijana, au hakumwita kitu, akagonga meza ili ajue aliko. Siku moja Ngina alimuuliza, "Guka, tumeachana?" Mzee akasema, "Hapana. Nataka kwanza unione." Nami hakunikasirikia. Alinisalimu, akanywa chai yangu, akanishukuru. Alikuwa na adabu nami kama mgeni, na adabu hiyo ilinikata zaidi ya neno lolote.

Baada ya miezi mitatu tulirudi Thika. Kyalo alimvalisha miwani, akaondoa kuku, akabakiza kifaranga.

"Moshi wa njano," Ngina akasema mara moja.

"Angalia tena. Usiharakishe."

"Moshi." Kisha akasema polepole, "Najua ni kifaranga. Lakini najua kwa sababu ulisema siku ile. Sikioni."

Kyalo alikikuza, akakipunguza, akakitikisa. Mwishoni akamvua miwani akamwambia amefanya poa sana, sauti ileile. Daktari Kaveke alisema tuendelee miezi mitatu mingine. Akasema tukirudi na kukiwa hivyohivyo, tutaacha plasta, hakuna haja ya kumtesa. Mzee aliuliza kama kuna mashine nyingine mahali pengine, Nairobi, ng'ambo. Daktari alisema mashine hupima tu kilichopo.

Jana ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa ameshaondoka kurudi Theta, Bedan alikuwa kazini. Nilimbandika Ngina plasta, nikaketi mbele yake kwenye kitanda, karibu, magoti yetu yakigusana, kwa sababu daktari alisema hata nyuso ni mazoezi. Aliuleta uso wake hadi pumzi yake ikanigonga. Jicho lake lilikuwa likitafuta, likienda puani, likirudi, likienda tena.

"Mami," akasema, "saa hii unacheka ama unalia?"

Ningeweza kusema nacheka. Angeniamini.

"Nalia," nikamwambia.

Aliinua mikono yote miwili akanishika mashavu, akapapasa hadi akapata maji yenyewe.

"Usisonge," akasema. "Bado natafuta macho yako."